Bunduki na Sheria: Nani Anamwamuru Nani Kando ya Mto?

Somo hili limetayarishwa kwa ajili ya familia zilizohama makwao, familia zinazozipokea, wakuu wa vijiji na wa komuni, viongozi wa dini na wa akina mama. Mnaweza kulisoma kwa kikao kimoja au kuligawa katika vikao viwili. Anayejua kusoma awasomee wengine, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.

LENGO LA SOMO

Baada ya somo hili, kila mshiriki aweze:
- kueleza tofauti kati ya amri ya jeshi na mamlaka ya raia;
- kutoa mfano mmoja wa historia yetu unaoonyesha hasara inayokuja pale mwenye silaha asipokuwa na wa kumwamuru;
- kutaja hatua ambazo familia na viongozi wanaweza kuchukua bila kuongeza moto.

KWA NINI TUNAZUNGUMZA HABARI HII

Kindu ni mji wa mto. Komuni za Kasuku na Mikelenge ziko upande mmoja wa Lualaba, na Alunguli iko ng'ambo. Hakuna daraja. Mgonjwa, mwanafunzi, muuza mihogo na mkimbizi, wote wanapita majini. Kutoka hapa boti zinashuka mpaka Ubundu, safari ya kilometa 300 hivi. Kwa hiyo anayeshika kivuko anashika chakula, dawa na habari. Ndiyo maana wenye silaha hutaka kuishika bandari.

Mama anayevuka na kapu lake akimkuta mtu wa bunduki anayemdai pesa, anajiuliza maswali matatu. Huyu ametumwa na nani? Sheria gani inamruhusu? Nikikataa, nitashitaki wapi? Maswali hayo ni ya zamani. Babu zetu walijiuliza mwaka 1960, 1961 na 1964, na majibu waliyopata yaliwagharimu damu.

MAANA YA MANENO

Mamlaka ya raia ni uongozi unaotokana na katiba na sheria: Rais, bunge, serikali, gavana, baraza la mkoa, msimamizi wa teritori, meya, mkuu wa komuni, na mahakama. Amri ya jeshi ni ngazi ya wakuu wa jeshi, kutoka askari mdogo mpaka jenerali, iwe jeshi la nchi kavu, la anga au la majini.

Kusema kwamba jeshi liko chini ya mamlaka ya raia hakumaanishi kwamba kila mkuu wa kijiji anaweza kumtuma askari. Hata gavana si kamanda wa jeshi. Maana yake ni kwamba nchi, kwa njia ya viongozi wake halali, ndiyo inayoamua vita vya nini, na juu ya nani, na vinakoma lini. Jeshi linatekeleza, na likikosea linajibu mbele ya sheria. Kila mmoja akibaki mahali pake, raia anapumua. Wakigombania kiti kimoja, raia ndiye nyasi chini ya miguu ya mafahali.

MFANO WA KWANZA: MIZINGA YA MATADI, JULAI 1960

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku moja kabla yake, viongozi wa Kongo na wa Ubelgiji walitia sahihi mkataba wa urafiki. Mkataba huo uliwaacha askari wa Kibelgiji katika vituo vya Kamina na Kitona, lakini kwa sharti: hawaruhusiwi kuingilia kati ila wakiombwa na waziri wa ulinzi wa Kongo. Waziri huyo alikuwa Patrice Lumumba mwenyewe, aliyekuwa pia waziri mkuu. Yaani ufunguo uliwekwa mkononi mwa kiongozi wa kiraia.

Tarehe 5 Julai askari wa Force Publique waliasi. Jeshi lile lilikuwa bado na maofisa wa Kibelgiji tu, na mkuu wake, Jenerali Janssens, alikuwa ameandika ubaoni mbele ya askari kwamba baada ya uhuru mambo ni yale yale ya kabla ya uhuru. Wazungu wengi walikimbia kwa hofu, na wengine walitendewa mabaya. Ubelgiji ikaingiza askari wake bila kuombwa. Hata hivyo, mlango wa mazungumzo haukuwa umefungwa. Rais Kasavubu na Lumumba walikwenda Luluabourg, mji unaoitwa leo Kananga, wakakubali askari wa Kibelgiji wabaki kule kwa muda wa miezi 2 ili kulinda watu. Yalikuwa mapatano magumu, lakini yalikuwa mapatano.

Tarehe 11 Julai, meli za jeshi la majini la Ubelgiji zilifyatua mizinga huko Matadi, na askari wakateremka kuchukua bandari. Wazungu wengi wa Matadi walikuwa wamekwisha kuondoka kwa meli. Wakongo waliuawa. Habari zilipita kwa redio za jeshi kutoka kambi hadi kambi, na kila ziliposimuliwa upya idadi ya waliokufa iliongezeka. Kambi zilizokuwa zimeanza kutulia ziliwaka upya. Siku hiyo hiyo Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Kesho yake ndege ya Kasavubu na Lumumba ilikatazwa kutua Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Rais na waziri mkuu wa nchi wakazuiwa kutua katika nchi yao wenyewe!

Safari yao ikawafikisha hapa kwetu Kindu, na tarehe 14 Julai 1960 wakavunja uhusiano wa kibalozi na Ubelgiji. Siku hiyo hiyo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kutuma walinzi wa amani.

Tuangalie vizuri. Kulikuwa na mkataba, kulikuwa na sharti, kulikuwa na makubaliano ya Luluabourg. Mizinga ya saa chache ilifuta yote. Kila aliyetoa amri upande wa silaha aliweza kusema analinda watu wake. Lakini hakumngoja mwenye haki ya kuamua, na watu aliotaka kuwalinda katika miji mingine wakawa katika hatari kubwa kuliko kwanza.

MFANO WA PILI: KINDU, NOVEMBA 1961

Mfano huu ni wa hapa nyumbani, na wazee wetu wengi wamekua wakiusikia. Tarehe 11 Novemba 1961, ndege mbili za Umoja wa Mataifa zilitua Kindu zikiwaletea vifaa walinzi wa amani kutoka Malaya. Ndani yake walikuwamo Waitalia 13. Wakati ule vita vya Katanga vilikuwa vikali, na mamluki wazungu wa Tshombe walichukiwa sana. Askari wa Kongo waliokuwa Kindu waliwadhania wageni hao kuwa mamluki au Wabelgiji. Waliwakamata na kuwaua wote 13. Miili yao ilipatikana baadaye katika makaburi ya Tokolote, ikarudishwa Italia mwaka 1962.

Hawa waliouawa hawakuja kupigana. Waliouawa na waliowaua walikuwa, kwa maneno ya wakubwa, upande mmoja: wote walitakiwa kulinda umoja wa Kongo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema "simameni, tuulize kwanza" na akasikilizwa. Serikali ilikuwa Léopoldville, mbali. Askari wengi waliokuwa hapa walitoka Stanleyville, ambako watu walimsikiliza zaidi Antoine Gizenga. Askari mwenye wakuu wawili, mwisho wake hana mkuu hata mmoja. Uvumi ndio ukawa kamanda wake.

Na aibu haikubaki kwa waliofyatua risasi peke yao. Mpaka leo jina la Kindu linajulikana Italia kwa sababu ya siku ile. Mji mzima ulibeba mzigo wa watu wachache wenye bunduki.

MFANO WA TATU: MAPINDUZI YA SIMBA, 1964

Tunajua kwamba habari hii bado inauma. Kuna familia za waliokuwa Simba na familia za waliouawa na Simba ambazo leo zinasali pamoja. Hatuandiki ili kufufua ugomvi.

Mapinduzi yale yalianza na malalamiko ya kweli. Lumumba alikuwa ameuawa tarehe 17 Januari 1961. Watu waliona uhuru umeleta magari kwa wakubwa wachache na njaa kwa wengi. Maniema ilikuwa ngome ya chama cha Lumumba, basi vijana wengi walijiunga kwa moyo. Uongozi wa kisiasa ulikuwa wa Christophe Gbenye na Gaston Soumialot. Jeshi, lililoitwa Jeshi la Ukombozi la Watu, liliongozwa na Nicolas Olenga. Kutoka upande wa Tanganyika walipanda kwa kasi, na mwezi Julai 1964 wakaingia Kindu. Mwanzoni mwa Agosti wakaichukua Stanleyville.

Hapa ndipo penye somo. Jeshi lilikimbia mbele kuliko serikali yake. Gbenye alitangaza Jamhuri ya Watu huko Stanleyville tarehe 5 Septemba tu, yeye akiwa rais na Soumialot waziri wa ulinzi. Kwa majuma yale yote ya kabla, aliyeshika mji ndiye aliyekuwa sheria. Na hata baada ya serikali kutangazwa, viongozi wa kiraia walikuta makamanda wamekwisha kuzoea kukamata, kuhukumu na kuua bila kumuuliza mtu.

Nani walikufa? Katika Kindu, wengi walikuwa makarani, watumishi wa serikali na watu wa vyama vingine, yaani watu wa kalamu. Ilitosha kuitwa "PNP", jina la chama kilichodhaniwa kuwa rafiki wa Wabelgiji. Mtu aliweza kuitwa hivyo kwa sababu ya siasa, lakini pia kwa sababu ya deni, shamba, au wivu wa ndoa. Jirani alimtaja jirani, na mwenye bunduki hakuchunguza. Mapinduzi yaliyokuja kuwatetea wanyonge yakawaua waliojua kuandika barua za wanyonge hao. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Tarehe 5 Novemba 1964 jeshi la serikali, likiongozwa na mamluki, liliirudisha Kindu. Je, sheria ilirudi nalo? Mamluki anapigania mshahara, naye hana mkutano wa wananchi anaoujibu. Wengi walidhaniwa kuwa Simba kwa sababu tu walikutwa mjini au mtoni wakikimbia. Raia aliyekuwa amejificha Julai akimkimbia Simba, alijificha tena Novemba akimkimbia aliyekuja kumwokoa.

MFANO WA NNE: ZIWA TANGANYIKA, 1965

Mabaki ya mapinduzi yalijikusanya Fizi na Baraka. Silaha na watu vilivuka ziwa kwa boti kutoka Kigoma, na upande wa serikali boti zenye silaha ziliwawinda. Mwezi Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka na Wakuba kuwasaidia. Aliondoka Novemba mwaka ule ule akiwa ameshindwa. Moja ya mambo yaliyomsikitisha ni kwamba wakuu wa kisiasa walikaa miji ya mbali, na waliokuwa mbele hawakuwasikiliza, wala wao kwa wao hawakuelewana. Mkuu wa utumishi wa jeshi, Léonard Mitudidi, aliyekuwa akijaribu kuleta nidhamu, alizama ziwani mwezi Juni 1965.

Hapa hatuoni jeshi lililoinyang'anya serikali kiti, kama katika mfano wa tatu. Tunaona kiongozi wa kiraia aliyekiacha kiti chake wazi. Kosa ni la pande mbili. Mamlaka ya raia haiheshimiwi kwa sababu ya jina lake tu. Inaheshimiwa inapokuwapo, inapolipa mishahara ya askari, inapofika kuwaona watu, inapojibu barua.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, mwenye silaha akitangulia, makubaliano yanachelewa au yanakufa. Matadi imetuonyesha.

Pili, amri ikigawanyika, uvumi unashika nafasi yake. Anayerudia habari asiyoihakikisha anaweza kuua bila kushika bunduki.

Tatu, kumwita "wetu" mwenye silaha hakumfanyi awe salama kwetu. Tangu 1998, RCD ilipoichukua Kindu mwezi Oktoba, mpaka mapatano ya Pretoria ya tarehe 17 Desemba 2002 na serikali ya mpito ya 2003, mji ulikuwa na kundi moja ndani na Mayi-Mayi pande zote. Kila upande ulisema unawalinda wananchi. Wananchi hawakuweza kwenda mashambani bila hofu.

Nne, raia nao wana sehemu yao. Kila mara mtu alipompelekea kamanda ugomvi wa shamba au wa deni, alimpa kamanda kiti cha hakimu. Kiti hicho ni rahisi kutoa, ni vigumu sana kukirudisha.

KATIBA INASEMAJE LEO?

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iliandikwa na watu waliokumbuka mambo haya. Vipengele hivi vifundishwe katika kila kijiji:

- Kipengele cha 188: jeshi ni la taifa lote, halina siasa, na liko chini ya mamlaka ya raia. Kuligeuza kwa faida ya mtu binafsi ni uhaini.
- Kipengele cha 190: hakuna anayeruhusiwa kuunda jeshi la binafsi au kuwapa vijana silaha.
- Kipengele cha 28: hakuna anayelazimika kutii amri ambayo ni wazi kwamba inavunja sheria.
- Kipengele cha 174: kodi inawekwa na sheria tu. Pesa ya kivukoni isiyo na sheria wala risiti si kodi.
- Kipengele cha 156: mahakama za kijeshi zinahukumu makosa ya wanajeshi na polisi.

Kuna wakati katiba yenyewe inaruhusu wanajeshi wapewe madaraka ya kiraia. Tarehe 6 Mei 2021 ndivyo ilivyofanyika katika Kivu Kaskazini na Ituri, magavana wa kijeshi wakachukua nafasi ya magavana wa kiraia. Lakini hata hapo madaraka yanatoka kwa Rais kwa njia ya katiba, bunge linaidhinisha kuongezwa kwa muda, na raia hapotezi haki ya kuishi wala haki ya kutoteswa.

Wengine watasema: "Hayo ni maandiko tu, askari hahukumiwi." Si kweli daima. Mwaka 2006 mahakama ya kijeshi ya Mbandaka iliwatia hatiani askari kwa makosa dhidi ya ubinadamu waliyowatendea wanawake na watu wa Songo Mboyo mwaka 2003. Kesi ile ilifika mbali kwa sababu akina mama walikubali kusema, na watu walikubali kuwasindikiza. Haikuponya kila kidonda, lakini ilionyesha kwamba sare si ngao.

TUFANYE NINI?

Familia zilizohama:
- Msibishane na mwenye bunduki mkiwa peke yenu au usiku. Uhai kwanza. Haki inadaiwa baadaye, kwa njia nyingine.
- Shikeni kichwani tarehe, saa, mahali, aina ya sare na kiasi cha pesa. Ombeni risiti kwa upole.
- Pelekeni habari kwa kamati yenu, si sokoni.
- Msimpelekee afisa ugomvi wenu na wenyeji juu ya shamba, maji au kuni. Pelekeni kwa kamati ya upatanisho, kwa mkuu wa kijiji, na ikishindikana, mahakamani.

Wakuu wa vijiji, wa komuni na wa makanisa na misikiti:
- Kusanyeni malalamiko ya watu wengi katika barua moja, ili mtu mmoja asionekane kuwa ndiye adui.
- Anzeni na kamanda wa mahali. Mara nyingi mkuu hajui yanayotendwa na walio chini yake, na anayesalimiwa kwa heshima husikiliza.
- Asiposikia, barua iende kwa msimamizi wa teritori au meya, ifike katika kamati ya usalama ya mkoa inayoongozwa na gavana. Kosa la jinai lipelekwe ofisi ya oditora wa jeshi.
- Msimtumie askari kumtisha anayewapinga. Kiongozi anayeazima bunduki leo ataamriwa na bunduki hiyo kesho.
- Kumbukeni pia kwamba askari ni mtoto wa mtu. Asiyelipwa, mwenye familia yenye njaa kambini, anajaribiwa kila siku. Kumtetea alipwe haki yake ni kulinda kivuko.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Huko Matadi, nani alikuwa na haki ya kuamua, na nani aliamua? Je, jambo la namna hiyo limewahi kutokea kijijini kwenu?
2. Mwaka 1964 neno "PNP" liliua watu. Leo ni maneno gani yanatumika kumfanya jirani aonekane adui? Tunayasema sisi wenyewe?
3. Kwa nini watu wengine hupenda kumwendea afisa kuliko mahakama? Ni nini kingewafanya waamini mahakama na wakuu wa kiraia?
4. Kama kuna pesa inayodaiwa kivukoni kwenu, ni ipi yenye risiti na ipi isiyo na risiti? Nani atakwenda kuuliza, na ataandamana na nani?

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya kikao kijacho, kila kikundi kichague watu watatu: mmoja wa wenyeji, mmoja wa waliohama, na mmoja awe mwanamke anayevuka mto mara kwa mara. Waende pamoja kwa mkuu wa komuni wakamwulize ni huduma zipi za serikali zenye haki ya kufanya kazi bandarini, na kwa bei gani. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili kwenye karatasi kubwa na kusomwa mbele ya watu wote, pamoja na askari wa kivukoni ikiwezekana. Mwaka 2025, baada ya Goma na Bukavu kuangukia mikononi mwa M23, familia nyingi za mashariki zilihama tena. Wanaofika kando ya mto wetu wakiwa na watoto na virago wanastahili kukuta mahali ambapo bei inajulikana, sheria inajulikana, na aliye na bunduki anajua kwamba wanaomtazama wanajua.